Presha sio wingi wa maji, jamani tupime

Ndugu mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nitoe dukuduku langu. Mimi ni fundi bomba huku Igogo, Mwanza, na kila mara nakutana na ugomvi wa bili za maji, mwenye nyumba na mpangaji, mpangaji na mpangaji mwenzie, na ukiwasikiliza vizuri unakuta hakuna hata mmoja aliyepima chochote, wanabishana kwa macho tu.

Kwanza tuelewane, presha na wingi wa maji ni vitu viwili. Vijana wanaoosha magari na bodaboda kando ya ziwa wengi wanaamini ukibana mdomo wa mpira unapata maji mengi zaidi, kisa yanaruka mbali. Yanaruka mbali kwa sababu yanapita kwa spidi kwenye tundu dogo, ila kwa dakika yanatoka machache kuliko mpira ukiwa wazi. Anayebisha achukue ndoo yenye alama ya lita 20 na saa ya simu, ajaze mara moja akiwa amebana, mara ya pili ameachia. Kwa kutoa tope nozeli ni sawa kabisa, ila kama unajaza simtenki itoe.

Haya mambo yamechunguzwa zamani sana. Mtaliano Giovanni Battista Venturi aliandika mwaka 1797 kwamba maji yakifika bomba lilipobanwa spidi inapanda na presha inashuka. Miaka ya 1880 Mmarekani Clemens Herschel akatumia jambo hilohilo kutengeneza kipimo cha mabomba makubwa, ndani hakina kitu chochote kinachozunguka, unapima presha kabla ya pale palipobanwa na palepale palipobanwa, ile tofauti ndo inakwambia maji kiasi gani yanapita. Na tofauti ikiongezeka mara nne maji yameongezeka mara mbili tu, hapa hata mafundi wenzangu wengine wanakataa.

Sasa mita zetu za nyumbani nyingi ni za kigurudumu, na kigurudumu hakijui hili ni maji au hewa. Maji yakikatika bomba linabaki na hewa, yakirudi, hasa huku milimani, koki inakohoa na kupuliza weee kabla tone halijatoka, na muda huo ukienda kuangalia kile kinyota kwenye mita kinazunguka kama feni. Hiyo hewa inasomwa kama maji! Wenye simtenki ndo wanaumia zaidi maana boya limeshuka, njia ipo wazi usiku kucha wao wamelala. Maji yakikatika funga koki ya baada ya mita, fungua ukisikia majirani wameanza kupata maji yenyewe.

Alafu mafundi tuache kufunga elbo, kile kiungio cha kona, imegusana na mita, maji yakitoka kwenye kona yanaingia yanajizungusha, mita nyingi zinataka kipande cha bomba kilichonyooka kabla yake. Na mwenye nyumba usilazimishe bomba la nusu inchi toka barabarani mpaka juu kwenye mawe ili uokoe hela, kila mita 10 za kupanda unapoteza karibu baa moja (baa ni kipimo cha presha), na bomba la inchi moja kwa presha ileile linapitisha zaidi ya mara tano ya hilo la nusu. Yani watu wanalaumu mgao kumbe bomba lao ndo jembamba.

Ombi langu kwa wanaotusambazia maji ni mawili. Wekeni valvu za kutolea hewa kwenye sehemu za juu za laini, na zilizokufa zibadilishwe. La pili mteja akilalamika mita ipimwe mbele yake, ndoo yenye alama, zile namba nyekundu za kwenye mita zisomwe kabla na baada ya kujaza. Uniti moja ni lita 1000, yani ndoo 50 za lita 20, kila mtu anaweza kuhesabu. Ikisoma sawa alipe bili yake yote, ikizidisha mita itolewe siku hiyohiyo na bili irekebishwe.

Fundi bomba,
Igogo, Mwanza