Klachi ya gari la kasi lililotumika: mnunuzi aruhusiwe kulijaribu barabarani

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nimjibu msomaji aliyelalamika hivi karibuni kwamba magari ya kasi ya Kijapani yenye gia za mkono, akiyataja Subaru Impreza WRX na Mitsubishi Lancer Evolution, hutoka kiwandani yakiwa na klachi dhaifu, na kwamba mtu mwenye busara anunue la otomatiki. Mimi ni fundi, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kushusha giaboksi za magari ya aina hiyo. Naelewa uchungu wa mtu aliyelipa fedha nyingi kisha gari likashindwa kupanda mlima wa kwanza, lakini lawama zake zimemwangukia asiyehusika. Klachi nyingi ninazozitoa zimeharibiwa na watu waliolimiliki gari kabla, na uharibifu huo ukafichwa na utaratibu wetu wa kuuziana magari, ambao humruhusu mnunuzi kusikiliza injini ikinguruma ndani ya yadi lakini haumruhusu kulitoa gari nje ya geti.

Klachi, kiungo kinachounganisha injini na giaboksi na kuzitenganisha pedali inapokanyagwa, hufanya kazi kwa msuguano. Pleti yenye nyuso mbili hubanwa na presha pleti, yaani bamba lenye springi, dhidi ya flaiwili, gurudumu zito linalozunguka pamoja na injini, na nguvu inayoweza kupita hapo bila kuteleza hutegemea ukali wa springi inayobana, upana wa pleti na ubora wa nyuso zake. Mtengenezaji hupanga vitu hivyo kulingana na injini, kisha huacha akiba juu yake. Toyota Altezza RS200, ambayo injini yake ya lita mbili haina tabo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini ili kuiongezea nguvu), hutoa nguvu ya mzunguko ya takribani newton-mita 216. Subaru WRX STI, yaani WRX yenye nguvu zaidi, ya toleo la mwisho lililouzwa Japani hadi 2019, nayo ikiwa na injini ya lita mbili lakini yenye tabo, hutoa 422. Klachi ya STI imetengenezwa kubeba mzigo huo, na ikiendeshwa kistaarabu huubeba kwa miaka mingi.

Tatizo liko kwenye uondokaji. Dereva wa Altezza akipandisha mizunguko ya injini na kuachia pedali ya klachi ghafla, matairi mawili ya nyuma huteleza juu ya lami, na nguvu iliyozidi huishia kwenye moshi wa matairi. Dereva wa Impreza au Evolution akifanya hivyo hivyo, matairi yote manne hushika barabara na kukataa kuteleza. Kwa kuwa injini tayari inazunguka kwa kasi na gari bado limesimama, lazima kitu fulani kiteleze katikati, na kitu hicho ni klachi, ambayo hapo inageuka kuwa fyuzi ya gari zima. Uondokaji wa namna hiyo ukirudiwa mara chache tu katika usiku mmoja wa kushindana, nyuso za pleti hung'aa kama kioo, flaiwili hupata madoa ya buluu kwa joto, na kuanzia siku hiyo klachi hairudi tena katika hali yake, hata kama gari litakuwa limetembea kilomita chache.

Vijana wengi waliyapenda magari haya kwa ajili ya mashindano, na sina neno na hilo, kwa kuwa hata mimi nilivutwa na mambo hayo hayo. Colin McRae alishinda Safari Rally mwaka 1997 akiwa na Subaru, na Tommi Mäkinen alishinda mwaka 1996 na tena 2001 akiwa na Lancer. Lakini timu ya mashindano huibadilisha klachi kwa ratiba, kama sisi tunavyobadilisha oili, na haina mpango wa kumuuzia mtu gari hilo alipeleke kazini kesho yake.

Chanzo cha pili, ambacho wauzaji hawakitaji kabisa, ni kuongezwa kwa presha ya tabo. Ni kazi rahisi: mtu mwenye kompyuta ndogo hubadilisha programu ya injini, na gari lililokuwa na newton-mita 400 linaondoka na nyingi zaidi kabla ya saa sita mchana. Klachi hakuna aliyeigusa. Ile akiba iliyoachwa na mtengenezaji huisha hapo hapo, na klachi iliyokuwa nzima jana inaanza kuteleza katika gia ya nne na ya tano, hasa pale tabo inapoanza kusukuma kwa nguvu. Mwenye gari akigundua gharama ya kuitengeneza, mara nyingi hurudisha programu ya zamani, huliosha gari vizuri, na kulipeleka sokoni. Ndiyo maana mteja akiniletea gari la tabo lenye klachi inayoteleza, sikimbilii kumwambia bei ya klachi. Kwanza naangalia kama mtu amewahi kuichokonoa injini, kwa sababu klachi iliyoungua mapema ni taarifa kuhusu maisha ya gari zima, pamoja na pistoni na tabo yenyewe.

Mambo haya yatazidi kuwa mazito kadiri miaka inavyopita. Utengenezaji wa Lancer Evolution ulikoma mwaka 2016, na jirani zetu wa Kenya, ambao hawaruhusu gari lililozidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, hawawezi tena kuliingiza nchini mwao kama gari la kawaida la mtumba. Yaliyopo yanazunguka kutoka mkono hadi mkono. Sisi Tanzania bado tunaweza kuleta magari ya umri huo kwa kulipa ushuru wa uchakavu, lakini karatasi ya mnada wa Japani, ambayo wanunuzi wengi huitazama kama cheti cha afya, hujazwa na mkaguzi ambaye hakulipeleka gari kwenye barabara kuu kulipima likiwa na mzigo. Karatasi hiyo inafaa sana kwa kujua bodi iliyonyooshwa na rangi iliyorudiwa. Kwa klachi, isipokuwa mkaguzi ameandika waziwazi kwamba inateleza, ukimya wake hauthibitishi chochote.

Namna ya kuipima ni fupi. Gari lipashwe moto kwa mwendo wa kawaida, kwa kuwa klachi iliyochoka inaweza kushika vizuri ikiwa ya baridi. Kisha katika barabara tambarare isiyo na magari, likiwa katika gia ya nne na mwendo wa kilomita 50 au 60 kwa saa, dereva akanyage mafuta hadi mwisho. Mshale wa mizunguko na mshale wa mwendo hupaswa kupanda pamoja. Mshale wa mizunguko ukiruka peke yake wakati mwendo haubadiliki, klachi inateleza, na hakuna maneno ya dalali yatakayobadilisha hilo. Jaribio hilo lisirudiwe rudiwe, maana kila klachi inapoteleza inaungua zaidi. Gari likitetemeka linapoanza kuondoka, shuku flaiwili yenye madoa ya joto au oili iliyovuja kutoka kwenye sili ya nyuma ya injini. Kelele inayotokea pedali inapokanyagwa ni ya beringi ya klachi. Ile inayosikika pedali ikiwa juu na gari likiwa huru, kisha ikapotea pedali inapokanyagwa, kwa kawaida hutoka ndani ya giaboksi, na hiyo ni bei nyingine kabisa.

Hapa naomba nisimame kidogo, kwa sababu wateja wanaibiwa sana. Klachi inayoteleza na klachi isiyokata ni magonjwa mawili tofauti, lakini gereji nyingi huyatibu kwa dawa moja ya bei ghali. Klachi ikiwa haikati, yaani gia ya nyuma inakwaruza au gia ya kwanza inakataa kuingia ingawa pedali imefika chini, na ukipampu pedali mara mbili tatu hali inapata nafuu, basi mara nyingi pleti ni nzima na kasoro iko kwenye silinda ya juu au ya chini ya klachi. Mafuta ya breki yanayosukuma mfumo huo hunyonya unyevu wa hewa, na huku kwetu pwani unyevu ni mwingi. Yakikaa miaka bila kubadilishwa huwa meusi, hula kuta za silinda na kuharibu mipira yake. Inua zulia la dereva, pitisha kidole nyuma ya pedali pale silinda ya juu inapoingilia ukutani, na ukikuta majimaji umekwisha kujua. Mtu anayeambiwa anunue klachi nzima kabla ya kuangalia hapo anapaswa kutafuta fundi mwingine.

Sisi mafundi hatuna mikono misafi katika jambo hili. Evolution ya nne hadi ya tisa na STI yenye gia sita zina klachi ya kuvuta, ambayo beringi yake imejifunga kwenye presha pleti, na lazima ifunguliwe kwanza kabla giaboksi haijatenganishwa na injini. Fundi aliyezoea klachi ya kusukuma hukuta giaboksi haitoki, huchukua mtaimbo, na hapo huvunja beringi au uma unaoisogeza, kisha humwambia mwenye gari kwamba kimekutwa kimevunjika. Wengine hufunga pleti ya mtumba kutoka kwenye injini iliyokatwa Japani, bila hata kupima kina cha ribiti zake, yaani pini zinazoshikilia nyuso za pleti, ingawa miongozo ya Toyota, kwa mfano, huweka ukomo kuwa milimita 0.3 kutoka uso wa pleti hadi kichwa cha ribiti. Na wengine hufunga pleti mpya juu ya flaiwili yenye madoa ambayo haikupelekwa kuchongwa, kwa sababu mteja anasubiri nje na simu yake inaita. Gari hilo litarudi likitetemeka, kisha litauzwa.

Nionye pia juu ya klachi za mashindano zenye pleti mbili au nyuso za kauri, ambazo muuzaji huzitaja kama sifa ya gari. Zinabeba nguvu kubwa, ni kweli. Lakini pedali yake ni nzito na hushika kwa ghafla, na katika foleni ya Ubungo jioni mguu wa kushoto utaomba likizo. Kwa gari la kwenda kazini, klachi ya kiwango cha kiwandani iliyofungwa kwa usahihi, ikazoeshwa kwa mwendo mpole wa mjini kwa kilomita mia kadhaa za mwanzo, ni chaguo bora, mradi presha ya tabo nayo ibaki ya kiwandani.

Narudi kwa wauzaji. Sheria yetu ya mauzo ya bidhaa, Sura ya 214, humlinda kwa kiasi mnunuzi anayenunua kwa mfanyabiashara wa bidhaa hizo, lakini mnunuzi akishaikagua bidhaa, ulinzi huo hauhusu kasoro ambazo ukaguzi wake ulipaswa kuzifichua. Mimi si mwanasheria, ila nimeona namna jambo hilo linavyotumika: mteja akirudi kulalamika, anajibiwa kwamba alikuja na fundi wake, wakalizunguka gari, wakaridhika. Walikagua nini ikiwa gari halikuvuka geti? Kwa hiyo napendekeza kwamba mkataba wa mauzo wa gari lolote la gia za mkono lenye tabo uandike mambo matatu kwa maneno ya kawaida: kama gari limejaribiwa barabarani likiwa na mzigo, kama klachi iliteleza, na kama muuzaji anajua kuwa injini imewahi kubadilishwa programu. Muuzaji asiyejua aandike kwamba hajui, na bei izungumzwe kwa msingi huo.

Najua jibu la wenye yadi, kwamba gari jipya kutoka bandarini halijasajiliwa na haliwezi kuingia barabarani. Kwa magari hayo, sehemu ya malipo ibaki mikononi mwa mnunuzi hadi namba itoke na jaribio lifanyike. Kwa yale ambayo tayari yana namba, na ndiyo mengi, kisingizio kinachobaki ni hofu kwamba mteja ataligonga. Hofu hiyo ina dawa rahisi: dereva wa yadi akae kwenye usukani na mnunuzi akae pembeni. Jaribio la klachi halimhitaji mnunuzi aendeshe, linamhitaji aone mishale miwili ya dashibodi.

Fundi magari,
Ilala, Dar es Salaam