Ng'ombe haonekani kwenye kompyuta

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na vijana wetu wanaotengeneza mifumo ya kompyuta.

Mimi ni mkutubi wa shule ya sekondari wilayani Magu. Mwaka jana tuliletewa mfumo wa kutafuta vitabu. Mzazi mmoja, mfugaji, akaja kuulizia kitabu chochote kinachoeleza ndigana kali, ule ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe. Nikaandika "ng'ombe", nikabonyeza, kioo kikajaa maandishi mekundu. Nikajaribu "mbuzi", vikaja vitabu vinne. Nilipompigia fundi akanijibu, "Mama, wewe andika ngombe tu, bila hicho kialama."

Sikukubali, na mpaka leo sikubali. Ngoa na ng'oa ni maneno mawili, na huku Usukumani ritifaa, yaani hicho kialama cha ng', imo hata katika majina ya watu. Mtoto aandikwe jina lisilo lake kwa kuwa kompyuta imeshindwa kulisoma?

Mpwa wangu anayesomea kompyuta ndiye aliyenieleza. Fundi alikuwa analichukua neno la mtafutaji na kulibandika lilivyo ndani ya amri inayokwenda kwenye hifadhidata, yaani ghala la kumbukumbu za vitabu ndani ya kompyuta. Humo maneno hufungwa kwa alama ileile ya ritifaa. Kompyuta ikifika kwenye ng' hudhani neno limekwisha, na "ombe" inabaki inaning'inia. Mtu mwenye nia mbaya angeweza kupenyeza amri zake mwenyewe kwenye mwanya huohuo.

Dawa yake ni kishika nafasi. Kwenye amri, baada ya neno MATCH linaloagiza kutafuta, unaweka alama ya kuuliza tu, MATCH ?, wala huifungi kwa ritifaa, maana ukiifunga inakuwa herufi ya kawaida. Neno lenyewe unalipeleka kando.

Hata hivyo kazi haikuishia hapo. Mfumo wetu unatumia SQLite, programu ya hifadhidata, na kitafutio chake cha matini, FTS5, kina sarufi yake. Neno lilikifikia kitafutio hicho salama, nacho kikalikataa kwa sababu ya ritifaa ileile! Mpwa wangu akalizungushia alama za kunukuu, zile za vistari viwili viwili, kabla ya kulipeleka. Vikatokea vitabu saba, kimoja kina sura nzima ya kupe.

Vijana wetu, siku mnapotukabidhi mfumo, andikeni ng'ombe, ng'ambo na kung'oa sisi wenyewe tukiwa tumesimama hapo tunatazama. Kabla ya hapo tusitie saini.

Mkutubi,
Magu, Mwanza