Barua kwa Wambui: samaki wa Mzee

Dagoretti, Nairobi

Wambui mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku. Natumaini Baba Kim amepona mgongo, na kwamba wale wafugaji wamekulipa madeni ya Aprili. Ni muda sijaandika. Ile simu ya Pasaka ilikatika tukiwa katikati ya habari za Nyambura na hatukuirudia tena, na mimi bado nataka kujua kama alikubali au la. Lakini hiyo tuiache kwanza. Nakuandikia kwa sababu kuna kitu nakihitaji kutoka dukani kwako, na pia kwa sababu kuna jambo limenikaa moyoni. Ni samaki wa Mzee.

Unawakumbuka, maana likizo zote ulikuwa unakaa kwenye kile kigoda mbele ya tangi mpaka uitwe chakula. Wamebaki wawili, Chifu na Karani, samaki wa dhahabu wakubwa kushinda kiganja changu. Tangu Mzee atuache, Mama ndiye anayewatunza, na mwaka huu aliamua wapate wenzao. Amenunua wapya mara kadhaa, na kila mara wanakufa. Wanaingia jioni wakiwa wachangamfu. Usiku wanaanza kurukaruka na kujigonga kwenye kioo, kisha wanapanda juu kuvuta hewa, mapezi yamebana mwilini, ngozi imefanya ute kama wa bamia. Asubuhi mmoja amelala ubavu kando ya kichujio, na haichukui muda wengine wanamfuata. Chifu na Karani hawana hata kikohozi.

Sasa Mama anasema samaki wapya wanaikataa nyumba. Alilisema mbele ya wanawake wa chama, na Mama Gathoni akaongeza kwamba vitu vingine mwenyewe akishaondoka havikubali mkono wa mtu mwingine. Wambui, niliumia. Nilimwona Mama akilipokea neno lile na kulihifadhi. Usiku huo hakugusa chakula, na tangu hapo akipita sebuleni haliangalii tangi. Ndipo nikasema sababu ya vifo hivi nitaitafuta mpaka niipate.

Kaka yangu alishikilia kwamba ni baridi ya Julai. Hapana. Samaki wa dhahabu wanastahimili maji ya nyuzi 18 na hata chini ya hapo. Wanaoteseka na baridi yetu ni wale wa maji ya joto kama neon tetra. Jirani akasema duka linauza wagonjwa. Lakini mtoto wake mwenyewe alinunua siku ile ile, kutoka beseni lile lile, na wake wanaogelea mpaka leo. Klorini? Mama hatii tone la maji ya mfereji mle ndani. Basi nikafikiria ile shida ya matangi mapya, ambayo huwaua samaki wengi wa watu wanaoanza. Samaki hutoa amonia, hasa kwa matamvua, na amonia ni sumu kwao. Kwenye sponji ya kichujio huota bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na bakteria wengine wakaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo angalau wanaivumilia. Bakteria hao huchukua wiki 4 hadi 6 kutosha. Lakini tangi la Mzee ni la miaka mingi. Kama shida ingekuwa hiyo, Chifu angekufa zamani.

Hapo nilikwama, mpaka kijana wa pale duka la samaki akaniazima kisanduku chake cha kupimia maji. Ana subira yule kijana, alinionyesha kila chupa. Nikapima nikiwa jikoni, mlango nimefunga. Bomba dogo la kupimia amonia linatakiwa kubaki njano. Likawa kijani kibichi, kama sukuma. La nitrati likawa jekundu. La pH, kile kipimo cha asidi ambacho namba ikishuka asidi imezidi, likawa njano, yaani 6 au chini yake, kwa sababu kipimo chenyewe hakishuki zaidi ya hapo. Halafu kuna lile la kupima chokaa iliyoyeyuka majini. Unatia tone moja moja na kuhesabu: maji yanakuwa buluu kwanza, na yanageuka njano idadi ya matone ikitimia. Ya kwetu yaligeuka njano kwa tone la kwanza. Chokaa karibu hakuna kabisa.

Nikamwuliza Mama, kwa upole tu, anatia maji gani. Akanionyesha tenki la nje, lile la gata. Maji ya mvua. Ndiyo anayopikia chai, ndiyo aliyotuogeshea sisi tukiwa wachanga, na kwake hakuna maji masafi kuyashinda. Tangi likipungua anajazia hadi ile alama ya kalamu aliyoichora Mzee kwenye kioo. Hajawahi kuyaacha maji yashuke chini yake hata kidole kimoja.

Sasa sikiliza kinachotokea. Bakteria wakiigeuza amonia, kazi hiyo inazalisha asidi. Kila gramu 1 ya naitrojeni iliyo ndani ya amonia hula kama gramu 7 za chokaa majini, na chokaa ndiyo inayoituliza asidi. Mzee alikuwa akitoa robo ya maji kila Jumamosi na kurudisha ya mfereji, aliyokuwa ameyalaza kwenye ndoo wazi klorini itoke. Maji yetu ya mfereji, ya bwawa la Ndakaini, ni laini, yaani yana chokaa kidogo, lakini ukiyabadilisha kila wiki yanarudisha kiasi cha kutosha. Mvua haina cha kurudisha. Na kujazia tu si kubadilisha: maji yakikauka ni maji matupu yanayoondoka, uchafu wote unabaki nyuma. Basi chokaa ikaisha, asidi ikapanda, na bakteria wenyewe wakalegea, kwa sababu pH ikishuka chini ya 6 hawafanyi kazi vizuri. Amonia ikaanza kulundikana.

Chifu na Karani wako hai kwa sababu yote haya yalikuja polepole na miili yao ikapata muda wa kuzoea. Wale wapya wanatoka dukani, ambako maji ni ya kisima. Niliyapima na hayo: buluu, 8 hivi, na unajua maji ya visima vya Nairobi yalivyojaa bikabonati, chumvi inayoituliza asidi. Kila hatua 1 ya pH ni mara 10, kwa hiyo kutoka 8 hadi 6 ni asidi mara 100. Mama alikuwa anauelesha mfuko juu ya maji nusu saa kama alivyofundishwa, lakini hiyo inasawazisha joto peke yake.

Nimelirudia hili kichwani mara nyingi, Wambui. Sote tulikuwa tukiwatazama wale wawili na kusema maji hayana shida, si hawa hapa wanaishi. Kumbe wao hawawezi kutuambia lolote kuhusu maji. Wanatuambia tu wamezoea nini.

Kaka alipoona zile rangi alitaka tumwage yote, tuoshe kioo, tujaze maji ya kisima siku hiyo hiyo. Alikuwa ameshashika ndoo. Nilimzuia, na nashukuru alinisikiliza, kwa sababu tungewaua wazee wawili kwa mkono wetu. Kwenye maji ya asidi, karibu amonia yote inakaa katika hali ya amoniamu, isiyo na makali sana. Ukipandisha pH ghafla inarudi kuwa amonia kamili, na ile sehemu yenye sumu inaongezeka karibu mara 100 kutoka 6 hadi 8. Kwa hiyo naenda taratibu. Natoa kidogo, kama sehemu moja ya kumi, na kurudisha maji yale yale ya mvua, ili amonia ipungue bila pH kupanda. Napima, napumzisha, narudia. Lile bomba limeanza kurudi njano kidogo kidogo. Chakula nimewapunguzia. Sponji nikiiosha, naiosha kwenye maji ya tangi lenyewe, maana ya mfereji yana klorini inayoua bakteria wachache waliobaki. Stima ikipotea, na hapa inapotea, naamka kukoroga maji kwa bakuli ili hewa iingie. Amonia ikikaribia kwisha ndipo nitaanza kuchanganya ya mfereji yaliyolala.

Na hapo ndipo nakuhitaji. Nataka zile kombe za baharini zilizosagwa ambazo wafugaji wa Wangige wanawapa kuku wa mayai. Ziwe kombe tupu, zisiwe zimechanganywa na vitamini wala dawa yoyote. Nitaziosha, nizifunge kwenye kitambaa chepesi na kuziweka ndani ya kichujio. Uzuri wake ni kwamba zinayeyuka zaidi maji yakiwa na asidi, na pH ikipanda zinapunguza zenyewe, kwa hiyo haziwezi kuwashtua. Konzi mbili zinatosha. Kama zinauzwa kwa gunia tu, nipimie kidogo na unitoze bei yako ya kawaida, usinipe bure kama ile mara ya mbegu.

Haya, samaki nitawamudu. Kinachonikosesha usingizi ni Mama. Bado hajui. Nikimwambia ni maji ya mvua, naogopa atasikia kwamba ni yeye aliyewaua, na kwamba alikuwa anawadhuru hata wale wawili huku akidhani anawalinda. Unamjua alivyo, atalibeba. Na nikinyamaza, nikarekebisha maji kimyakimya na wapya wakaishi, atabaki akiamini nyumba yake ilikuwa imekataa uhai kwa muda, na Mama Gathoni atakuwa na la kusema siku ikitokea shida nyingine. Mimi naona aambiwe. Mama si mtoto, na aliwahi kutufundisha hesabu za mavuno kwa maharagwe mezani. Akizionyeshwa hizi rangi ataelewa. Nafikiria nimpe kisanduku apime mwenyewe, kwanza maji ya mvua, kisha ya mfereji, kisha ya tangi, nami nikae kando. Lakini nianzie wapi? Sentensi ya kwanza ndiyo inayonishinda.

Wewe ulimwambiaje mama mkwe wako ile habari ya ndama, hata asiichukue kama lawama? Ulimwambia mkiwa wawili, au Baba Kim alikuwepo? Unaona kaka awepo, au atafanya ionekane kama kikao cha hukumu? Na wanawake wa chama, je, nao waambiwe, au niache Mama aamue? Shosho wa pale kwenu bado anawawekea kuku yale maji ya mvua, na kama ndiyo, mayai hayajapata shida ya maganda laini?

Nijibu kabla ya Alhamisi kama unaweza. Kombe zikiwa tayari nitapanda matatu nije Wangige Jumamosi nizichukue mwenyewe, na hapo utanimalizia habari za Nyambura.

Wako,
Nyokabi