Barua kwa binti yangu: makumbusho yetu iko mlimani Kolo

Kondoa

Binti yangu mpendwa,

Marahaba mwanangu. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Bibi yako anakusalimu sana na anauliza kama unakula vizuri huko chuoni.

Nimefurahi mno kusikia umekwenda Makumbusho ya Taifa na wenzako. Uliponieleza habari za fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lile ambalo mtafiti Mary Leakey aliliibua Olduvai mwezi Julai 1959, nilisikia kabisa kwenye sauti yako kwamba limekugusa. Ila swali uliloniuliza mwishoni ndilo lililonifanya nichukue kalamu, maana kwenye simu nisingelimaliza. Umeuliza mbona Dodoma, makao makuu ya nchi, haina nyumba ya historia na sanaa kama hiyo ya Dar es Salaam. Dodoma mjini kuna makumbusho ya madini na miamba, nayo inafaa kutembelewa. Lakini kwa historia na sanaa, jibu langu ni Kolo.

Wewe kila ukija unaishia stendi ya Kondoa, hujawahi kuendelea mbele. Kolo iko kaskazini yetu, kwenye ile lami ya kwenda Babati, si mbali. Unalipa kiingilio kwenye ofisi ya mambo ya kale pale kijijini, unapewa mtu wa kukuongoza, gari linafuata njia ya vumbi mpaka chini ya mlima, kisha ni miguu tu, na mwinuko ni mkali kwelikweli. Juu unakuta mwamba mkubwa ulioinama, na chini ya kivuli chake ndipo walipochora. Mwamba huo, Mungumi wa Kolo, ndio unaojulikana zaidi, lakini katika milima hii ya Irangi kuna mapango na vivuli vya miamba zaidi ya 150 vyenye michoro, vimetawanyika Pahi, Masange, Thawi, Kisese na kwingineko. Tangu mwaka 2006 eneo lote hilo, kilomita za mraba 2,336, ni Urithi wa Dunia.

Nikuandae kwa jambo moja. Ukifika tu, hutaona kitu. Utaona jiwe lenye madoadoa mekundu na utadhani umepoteza nauli. Kaa chini. Acha macho yazoee kivuli, usizungumze, na baada ya muda wataanza kujitokeza: watu warefu, wembamba, miguu mirefu kuliko ya binadamu wa kawaida, na vichwani wamebeba kitu cha duara kilichochorwa kwa mistari myembamba kama uzi wa kushonea, mmoja mmoja, bila mstari kugusa mwenziwe. Wewe unayejifunza kuchora utajua huo ni mkono wa namna gani. Rangi yenyewe ni ngeu, jiwe jekundu lililosagwa, na jiwe lililochorwa halikulainishwa wala kupakwa kitu kwanza. Yuko twiga mmoja ambaye sehemu ya mwili imeshapotea pale maji ya mvua yanapopitia, lakini shingo imebaki, na shingo hiyo peke yake inatosha kukuambia kwamba aliyeichora alikuwa amemtazama twiga akitembea, tena siku nyingi.

Kuna kundi la watu watano ambalo kila mgeni huonyeshwa. Wa katikati ameshikwa mikono huku na huku, kama anavutwa. Wapo wanaosema ni mwanamke anatekwa. Wapo waliolinganisha na ngoma ya simbo ya Wasandawe, wakasema huyo yuko katika hali ya kupandwa, na wenzake wanamshika asianguke. Mimi naegemea kwa hawa wa pili, kwa sababu Wasandawe bado wapo, majirani zetu wa kule Kwa Mtoro na Farkwa, na michoro myekundu inahusishwa na wazee wa jamii za wawindaji kama wao na Wahadzabe. Ukitaka kuelewa picha, anza na watu wanaofanana na waliochora. Profesa Fidelis Masao, Mtanzania mwenzetu, alichimba na kuandika juu ya michoro hii ya katikati ya nchi miaka mingi iliyopita. Mtafute maktaba hapo chuoni. Michoro myeupe, ile mikubwa iliyopakwa kwa vidole, ni ya baadaye, ya wakulima waliokuja na lugha za Kibantu. Mara nyingine imepita juu ya myekundu. Usiidharau kwa sababu si maridadi.

Na historia haiko ukutani peke yake. Kisese, katika uchimbaji wa miaka ya 1950, zilipatikana shanga za maganda ya mayai ya mbuni, na vipimo vya karibuni vimeonyesha kwamba kuna zilizotengenezwa zaidi ya miaka 40,000 iliyopita. Fikiria mtu amekaa hapa hapa kwetu, anatoboa kipande cha ganda taratibu kisipasuke, ili mwenziwe apendeze.

Sasa nakuja kwenye jambo lililo moyoni mwangu. Mungumi si mahali palipokufa. Wazee wa Kirangi bado hupanda kufanya matambiko, ya mvua na ya wagonjwa. Nilipopanda safari hii nilikuta majivu na dalili za pombe ya mtama. Katika msafara wetu alikuwepo kijana mmoja msomi, alikasirika, akasema watu hawa wanaharibu urithi, wazuiwe. Nilimjibu pale pale na nakujibu na wewe kabla hujauliza. Ni kweli pombe ikimwagwa kwenye mchoro inaudhuru, na hilo lazima lizungumzwe na wazee kwa heshima, wakubaliane mahali pa kumwagia. Lakini ukimfukuza anayepaheshimu mahali pale, unamwachia nani? Serikali ya kikoloni iliyatangaza maeneo haya kuwa ya kulindwa tangu 1937, na baadaye baadhi yakajengewa vizimba vya waya. Waya umeng'olewa siku nyingi. Tambiko lipo. Hata huo Urithi wa Dunia ulitolewa pamoja na sababu hiyo, kwamba imani ingali hai pale.

Wanaonitia hofu mimi ni wachimbaji wa usiku. Wajerumani na majeshi ya Waingereza walipigana hapa Kondoa mwaka 1916, na tangu hapo hadithi ya dhahabu ya Mjerumani iliyofichwa milimani haijaisha. Watu wanakuja na sururu, wanafukua chini ya miamba, na udongo wenye shanga na mawe ya wahenga unatupwa kama takataka. Dhahabu hakuna aliyeipata. Ninaumia, mwanangu, kwa sababu mchoro uliofifia angalau kuna nakala zake, Mary Leakey alikaa hapa mwaka 1951 akiinakili kwa mkono, lakini udongo ukishavurugwa hakuna atakayeusoma tena.

Basi ninakuomba uje likizo ya katikati ya mwaka, Juni au Julai, wakati wa ukavu. Masika njia ya mlimani inateleza. Njoo na daftari lako la kuchorea na penseli za aina zote. Usiguse mwamba kwa kidole, mafuta ya ngozi yanabaki. Na mtu akitaka kumwagia mchoro maji ili ung'ae kwenye picha ya simu, mkatalie, hata awe nani. Nimeshazungumza na mwalimu wa shule ya jirani, anataka uje uwafundishe wanafunzi wake kuchora kile wanachokiona kule juu, wajue kwamba mlima ule una wenyewe na wenyewe ni wao. Nauli ya kuja nitakutumia mwisho wa mwezi. Niambie mapema kama mwenzako wa chumbani atafuatana nawe, ili mama yako aandae godoro.

Baba yako