Barua kwa Mwanaidi, kuhusu yule kigego

Tabora, Jumapili usiku

Shoga yangu Mwanaidi,

Salaam nyingi sana. Hujambo? Watoto hawajambo? Mama goti lake linaendeleaje na hizi mvua? Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu, embe ndo zinamalizikia.

Najua umeninunia, na una haki. Tangu uliponirudishia kwa mkono wa shemeji kaunta buku langu lenye ile hadithi ya kigego, mtoto aliyetupwa kama mkosi akaja kujiunga na waasi wanaompinga Mfalme wa Chumvi, sijakujibu hata neno. Sikukasirika, usidhani hivyo. Ni lile swali uliloandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Mtoto waliyemtupa wenyewe, kwa nini akafe kwa ajili yao?" Wiki ya tatu sasa niko kwenye cherehani napinda sketi za shule na swali lako linakwenda na sindano.

Mwanzo niliandika kwamba kigego anamchukia Mfalme wa Chumvi, basi, yakaisha. Niliposoma upya nikaona nimedanganya. Yule kijana hajawahi kumwona mfalme. Anayemjua ni shangazi yake, aliyemtoa nje kwa sababu meno ya juu yalitangulia kuota. Anawajua wachemsha chumvi waliomrushia mawe asikaribie vyungu vyao. (Vile vyungu nilivitoa Uvinza, umegundua? Kila treni ikisimama pale nawaza watu waliochemsha yale maji ya chumvi tangu enzi na enzi.) Kama ni chuki, angeanza na hao.

Nikakimbilia historia ya huku, maana Unyamwezi haijawahi kukosa waasi. Manua Sera, mtemi wa Unyanyembe, aliwatoza ushuru wafanyabiashara wa Kiarabu, wakamng'oa. Akazunguka porini akipigana nao miaka hadi wakamuua 1865. Halafu mtemi Mirambo. Mwaka 1871 aliifunga njia ya kwenda Ujiji, hata Stanley, yule msafiri Mzungu, ikambidi azungukie kusini ndipo awafikie huko kwenu. Hao wote walikuwa watu wa kiti, wana ukoo na ngoma zao. Mimi nawatafuta waliokuwa nyuma yao, rugaruga, wapiganaji wao. Wengi walikuwa vijana tu: mateka, watoro, watoto wa vita wasio na wa kuwalilia. Nani aliwaambia habari za haki? Nadhani hakuna. Nadhani walipewa mahali pa kukaa na maji ya kunawa mkono, na bunduki ikaja baadaye.

Hapo ndipo nikakukumbuka wewe, Mwanaidi. Umeuliza swali ambalo jibu lake lilikuwa kwenu.

Unakumbuka mwaka ule nilioletwa Ujiji kwa baba wa kambo? Nilikuwa nakula jikoni, wenzangu wakishamaliza. Siku ile ulinivuta kwenu kufuata daftari, nikasimama mlangoni kwa sababu niliona sinia limeshawekwa. Ugali wa muhogo na migebuka miwili. Mama yako hakusema karibu, wala hakuniuliza mtoto wa nani. Alisogeza goti lake, akakigonga kile kipande cha mkeka kwa kiganja mara mbili, akaendelea kumega. Basi. Nilikaa. Akanisogezea upande wa kichwa cha samaki, kwa sababu aliona nakiangalia. Wallahi, siku ile mama yako angeniambia twende tukaichome boma ya nani sijui, ningeuliza kiberiti kiko wapi.

Kwa hiyo sura ya nne nimeifuta yote. Sasa waasi hawamhubirii. Yule mama wao anasogeza goti tu.

Lakini jibu limenizalia tatizo kubwa zaidi, na ndilo linaloninyima usingizi. Unaikumbuka ile kamba ya majina? Kila mtoto akizaliwa jina lake hufungwa fundo ikulu, na mfalme akilivuta, mtu huinuka kitandani akaenda kwa miguu yake mwenyewe, hata kama ni kwenda kufa. Kigego hana fundo, kwa kuwa mkunga alikataa kulitamka jina lake. Ndiyo maana waasi wanamhitaji: ni mtu pekee anayeweza kuingia ikulu asivutwe. Sasa yule mama ameshampenda. Usiku mmoja anataka kumpa jina. Na jina likitamkwa kwa upendo, kamba italisikia.

Nimeandika anakubali, nikafuta. Nimeandika anakataa, nikalia mwenyewe na taa imewaka hadi saa tisa. Akikataa atabaki silaha yao. Akikubali atakuwa mtoto wao, na ataweza kuvutwa kama wengine.

Na kuna jambo la rugaruga siwezi kulificha. Wale wale waliopewa mahali pa kula ndio walioingia vijiji vya watu na kuchoma maghala. Sura ya tisa waasi wanamtuma kigego akachome ghala la kijiji kile kile kilichomtupa. Shangazi yake yumo. Nimemwacha amesimama na kinga cha moto mkononi siku kumi sasa, na... sijui. Najua ninachotaka afanye. Sijui kama ni kweli.

Nakutumia sura hizo mbili pamoja na asali ya miombo, galoni ya lita tano. Isichujwe tena, nimeshachuja. Wewe nitafutie dagaa wa Kibirizi waliokauka vizuri, wale wa mwisho walikuwa na mchanga.

Sasa nijibu haraka, usinilipe kwa kimya changu. Apokee jina au akatae? Wewe ungemtamkia? Bibi alipokuwa anatusimulia habari za vigego, alisema waliwapeleka wapi hasa? Kuna aliyerudi? Na muulize Mama, lakini muulize taratibu, asidhani nadai kitu: anaikumbuka siku ile ya mkeka? Aliniona nimesimama pale muda gani kabla hajasogea?

Wako akupendaye,
Zuhura