Mwacheni bibi amalize

Bwana mhariri, asalaam aleikum. Mie msomaji wenu wa Mikunguni, naomba nafasi kidogo, na leo sisemi maji wala umeme, nasema taarab redioni.

Mie tangu mdogo sina mwimbaji ila Bi Kidude, Mungu amrehemu. Mke wangu ni Mpemba wa Wete, tulipooana nikimuekea anakunja uso, ati "huyu bibi mbona anakwaruza tu", yeye na rusharoho yake, taarab hii ya kisasa. Nikamwacha. Sasa siku moja umeme umekatika, yeye kakaa juu ya mbuzi anakuna nazi, mie nimeweka kwenye simu ngoma za unyago za Bi Kidude, mara nasikia mbuzi kimya. Kutizama, kashika nusu ya nazi mkononi na anacheka peke yake mpaka machozi. Nini? Ananambia "we hayakuhusu, mambo ya wanawake haya". Yaani miaka yote najiona mjuzi, najua alivyokuwa akimfata Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarab wa zamani, kujifunza, najua tuzo ya muziki ya kimataifa ya WOMEX alopewa 2005, alipofariki 17 Aprili 2013 nilifunga duka siku mbili, kumbe nusu ya kazi yake ufunguo anao mke wangu na mpaka leo maana hajanambia, nimeshanunua mpaka kanga doti mbili wapi!

Basi tangu hapo ndo starehe yetu, watoto wakilala tunakaa na kahawa na kashata zetu tunangoja taarab asilia redioni. Simu ipo ndio, lakini redio ina raha yake, hujui inakuja ipi.

Sasa kuna mtangazaji wa redio moja siitaji, kanuni, ile ala ya nyuzi, na fidla ndo kwanza zinaitana yeye anaingia na salamu, fulani wa Kiembesamaki anamsalimia shemeji yake na jirani zake wote, akimaliza anatia tangazo la vocha, bibi akifika beti ya pili anakatwa kama kuku. Salamu zina wenyewe sikatai, lakini si zisomwe wimbo ukisha? Juzi mke wangu kaitupia redio kandambili, "mwache bibi amalize, huna adabu we!", antena imepinda mpaka sasa.

Naomba mlichape hili huenda akaliona. Nimejitahidi kuandika kwa upole bwana mhariri, maana alotaka kuandika ni mama watoto, na yake msingeichapa.

Msomaji wenu,
Mikunguni, Unguja