Jiji halisomwi dirishani mwa basi

Karibu kila wiki tunapigiwa simu na mwalimu, katibu wa kikundi cha akina mama au kiongozi wa vijana, na swali huwa lilelile: "Mna ziara ya mafunzo hapo Dar es Salaam? Sisi tuko sitini, basi tunalo, tunataka watoto wajionee mambo ya mipango miji." Simu hizi zinatufurahisha sana. Ila jibu letu la mwanzo huwashangaza wengi. Sitini hatuwachukui kwa mkupuo mmoja, na hilo basi mtaliacha limepaki.

Makala hii ni ya kueleza kwa nini.

Tulipoanza kazi hii tulifanya kama walivyofanya wenzetu: basi kubwa, kipaza sauti, chakula cha mchana kwenye maboksi. Mwezi wa tano wa mwaka ule, siku chache baada ya mvua kubwa, tulisimama kando ya bonde la Mto Msimbazi tukiwa na wanafunzi 48 wa sekondari. Wakashuka, wakatoa simu, wakaanza kupiga picha. Mama mmoja alikuwa ameanika godoro juu ya ukuta. Upande mmoja lilikuwa limekauka, upande wa pili lina mstari wa tope ulionyooka kama umepigwa rula, kuonyesha maji yalipofika usiku ule. Alitutazama kidogo, kisha akasema bila hasira yoyote, "Wanangu, mmekuja kututazama kama swala wa Mikumi?"

Hakuna aliyemjibu. Tulipanda basi, na njia nzima sikushika tena kipaza sauti. Aibu ilikuwepo, lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba mama yule alilijua bonde kuliko yote niliyokuwa nimewahubiria wale watoto tangu asubuhi. Alijua maji yanaingilia upande gani, yanachukua saa ngapi kufika kwake mvua ikinyesha Pugu, mto unakoanzia, mtaro upi umezibwa na nani. Na sisi hatukumwuliza hata swali moja. Baadaye nilirudi kumtafuta nimwombe radhi. Nyumba ilikuwa imekwisha kubomolewa, na majirani waliobaki hawakujua alikohamia.

Tangu hapo tulivunja mpango wote tukaanza upya. Sasa ziara yetu ya siku moja ni ya miguu na usafiri wa umma. Inaanzia Mnazi Mmoja na kuishia mto unapoingia baharini, na swali tunalowapa washiriki asubuhi ni moja tu: maji na watu wa jiji hili hupita wapi, na nani aliamua hivyo?

Tunaanza saa 1 asubuhi, kabla jua halijachoma. Watu wengi wanaipita Mnazi Mmoja kila siku wakidhani ni bustani tu iliyobaki kwa bahati. Haikubaki kwa bahati. Wajerumani waliligawa jiji kwa kanuni za ujenzi: Uzunguni upande wa bahari, Uhindini katikati penye maduka, Uswahilini huko nyuma, mahali ambapo baadaye palikuja kuitwa Kariakoo. Waingereza walipochukua nchi walihakikisha kati ya Uhindini na Kariakoo unabaki ukanda mtupu usiojengwa, kwa jina la kulinda afya. Ukanda huo ndio uwanja tunaosimama. Huwa tunawaomba vijana wauvuke polepole, wawili wawili, wakihesabu hatua. Wakifika ng'ambo wanaelewa kwa miguu yao kwamba ubaguzi unaweza kupimwa kwa hatua, na kwamba mchoro wa karne iliyopita unaweza kuendelea kuamua mtu anakaa wapi leo.

Kariakoo tunakaa muda mrefu kuliko kituo kingine chochote, kwa sababu ndipo penye somo zito. Mitaa yake imenyooka na viwanja vyake vilipimwa kwa ajili ya nyumba ya Kiswahili ile tunayoijua sote: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani jiko, choo na kisima. Leo kwenye kiwanja kilekile limesimama ghorofa la orofa kumi. Hapo tunawapa washiriki kazi. Chagueni jengo moja, hesabuni orofa, kadirieni watu waliomo saa 6 mchana, halafu mniambie maji taka yao yanakwenda wapi. Wengi hucheka mwanzoni. Dakika 20 baadaye unawakuta wameinama juu ya mfuniko wa chemba, wanamhoji mlinzi wa jengo kwa adabu zote, na mlinzi naye anaeleza kwa furaha maana hajawahi kuulizwa.

Kisha Soko Kuu. Lilisanifiwa na Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika katika Afrika Mashariki, likafunguliwa mwaka 1975. Inueni macho mtazame paa: ni kama miavuli mikubwa iliyogeuzwa juu chini. Umbo lile lina kazi. Hewa ya moto inapanda na kutoka, na maji ya mvua yanakusanywa na miavuli ile na kushushwa kwenye matangi chini ya ardhi. Leo watu wanalipa pesa nyingi kuhudhuria semina za majengo rafiki kwa mazingira, na huku mwenzetu aliyachora haya miaka hamsini iliyopita, katikati ya soko la nyanya na dagaa. Moto wa Julai 2021 uliliunguza soko vibaya na ikabidi lifanyiwe ukarabati mkubwa. Tunalizungumza hilo pia, pamoja na swali la njia za dharura na mahali gari la zimamoto linapoweza kupita penye meza za wamachinga. Na hapo huwa sikubali mtu awalaumu wamachinga haraka haraka. Jengo la Machinga Complex pale Karume lilijengwa kwa ajili yao na kwa muda mrefu vizimba vingi vilikaa vitupu, kwa sababu mteja wa soksi hapandi ghorofa kuzifuata. Mfanyabiashara ndogondogo anafuata miguu ya watu. Mpangaji wa mji asiyelijua hilo atajenga tena na tena.

Kutoka Gerezani tunapanda mwendokasi, yale mabasi ya haraka yenye njia yake yenyewe, na kila mshiriki anajilipia mwenyewe kituoni kwa nauli iliyomo kwenye bei ya ziara. Awamu ya kwanza, kilomita 21 kutoka Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani, ilianza kubeba abiria Mei 2016, na mwaka 2018 Dar es Salaam ikapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu, jiji la kwanza la Afrika kuipata. Tunayasema haya kwa fahari, na hatufichi ile foleni ya abiria kituoni wala basi linalopita limejaa mlango hadi mlango. Vijana huona vyote viwili kwa macho yao: kwamba kutenga njia ni uamuzi mkubwa wa nani apewe barabara, na kwamba njia bila mabasi ya kutosha inawachosha watu walewale iliojengewa.

Tunashuka Jangwani. Hapa basi la kukodi lisingewafundisha kitu, maana lingepita kwa sekunde 40. Tukisimama kwa miguu tunaona bonde lote: Mto Msimbazi unaoshuka kutoka milima ya Pugu upande wa Kisarawe, ukikusanya vijito na mitaro ya mitaa mingi ya jiji, halafu barabara ya Morogoro imelikata bonde hilo kama tuta. Karakana ya mabasi ya mwendokasi ilijengwa humuhumu bondeni. Mvua kubwa ikija, karakana inajaa, mabasi yanaharibika, barabara inafungwa, na mji unakatika vipande viwili. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40, na Serikali ikawahamishia waathirika wengi Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Mwishoni mwa 2015 nyumba zikawekwa alama ya X na tingatinga zikaingia Mkwajuni, mtaa wa bondeni.

Sasa uko Mradi wa Bonde la Msimbazi. Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 mwaka 2022, Uholanzi na Hispania nazo zikachangia. Umepangwa uwe na daraja refu la Jangwani la mita 390 ili maji yapite chini kwa nafasi, karakana ihame, kingo za mto zitengenezwe, na sehemu ya bonde igeuzwe bustani ya jiji inayoruhusiwa kujaa maji mvua zikija. Mimi binafsi naliunga mkono wazo la kuuachia mto nafasi yake. Lakini ni lazima vijana wasikie pia kwamba nafasi hiyo ilikuwa na watu, wenye makaburi ya wazee wao na madeni ya dukani na watoto darasa la saba, na kwamba fidia ya nyumba haifidii kituo cha daladala ulichokuwa unakifikia kwa miguu. Kwa hiyo hapa siongei mimi. Anaongea mwenyeji.

Wenyeji wetu ni wakazi na wazee wa mitaa ya bondeni. Tunawalipa kama tunavyomlipa mwongoza watalii yeyote, siku ileile, mkononi. Kabla ya ziara tunapita ofisi ya serikali ya mtaa, tunajitambulisha kwa mwenyekiti na kueleza tunakuja wangapi na kwa nini. Simu zinaingia mfukoni. Mtu anaamkiwa kwanza, na anayetaka picha anaomba. Mzee mmoja wa Hananasif hupenda kuwaonyesha wageni mtaro wa mawe aliouchimba na majirani zake katika miaka ya 1990, mradi wa kuboresha makazi ulipowaajiri wakazi wenyewe badala ya kuleta kampuni kutoka nje. Anauparaza kwa fimbo akisikiliza sauti, anakuambia wapi umepasuka ndani. "Huu tuliujenga kwa mikono yetu, ndiyo maana mtu akitupa taka humu tunamfuata hadi kwake," huwaambia. Sijapata kuona profesa aliyeeleza umuhimu wa kuwashirikisha wakazi kwa maneno machache hivyo.

Tunamalizia daraja la Selander jioni, pale mto unapoingia baharini, mikoko na maji kupwa upande mmoja, Daraja la Tanzanite upande wa pili, na chupa za plastiki kutoka kila mtaa tuliopita tangu asubuhi.

Sasa yale mnayotaka kujua mnapopiga simu. Kundi moja ni watu 18 tu, kwa sababu kwenye uchochoro mtu wa 19 hasikii kitu. Mkiwa sitini tunawagawa makundi manne yenye viongozi wanne, yanayotembea kwa zamu, hakuna linalomkanyagia mwenzake. Bei inategemea idadi na chakula, na ndani yake imo nauli, malipo ya wenyeji, maji ya kunywa na daftari la ramani. Katikati ya masika, Machi hadi Mei, hatuendi bondeni kabisa, hata mwalimu akisisitiza. Miezi mizuri ni Juni hadi Septemba. Vaeni viatu vilivyofunikwa. Mwenye mahitaji ya kiti cha magurudumu atuambie mapema, tuna njia nyingine inayofuata vituo vya mwendokasi, na ugumu wa kuvuka kutoka kituoni hadi mtaani unakuwa sehemu ya somo lenyewe.

Tunawaomba walimu kitu kimoja kabla ya safari: kila mwanafunzi achore kwa kalamu njia yake kutoka nyumbani hadi shule, aonyeshe anapoogopa magari na maji yanapotuama. Wazo hili si letu peke yetu. Tangu 2015 wanafunzi wa vyuo vya Dar es Salaam, wakiwemo wa Chuo Kikuu Ardhi, walipita kata kwa kata na wakazi katika mradi wa Ramani Huria, wakachora mitaro na vichochoro ambavyo havikuwa kwenye ramani yoyote. Ukiwa na mchoro wako mkononi unalitazama bonde kwa jicho jingine.

Mwaka jana shule moja ilirudi kutoka kwetu ikaamua kufuatilia bomba la maji ya mvua la shule yenyewe. Wanafunzi walilifuata nyuma ya ukuta, wakapiga kona, wakakuta linamwaga moja kwa moja uani kwa bibi mmoja anayeuza maandazi. Alikuwa amepanga matofali na magunia ya mchanga mlangoni kwake miaka yote hiyo. Walimwamkia, wakakaa naye, wakapima kwa kamba. Barua ya kwenda kwa mkuu wa shule waliiandika wenyewe, na bibi yule akatia sahihi kwa dole gumba.

Maombi ya Juni tumeanza kuyapokea. Tupigieni, na mtuambie kwanza shule yenu maji yake yanakwenda wapi.